Uji wa Mama Filomena

Kila asubuhi ya Ramadhani Mwanaasha alifagia uwanja wa nyumba yao, Manzese, huku akimwambia kila apitaye kwamba amefunga. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na sifa zilimnogea kuliko futari.

Siku hiyo alimpeleka mdogo wake, Anwar, kung'olewa jino kwa fundi wa meno wa uchochoroni. Mtoto alilia, fundi akamdunga sindano ya ganzi. Akalia tena, akadungwa tena, kisha ya tatu. Walirudi nyumbani Anwar akipepesuka, ulimi mzito.

Mama Filomena, jirani yao, alimletea mgonjwa bakuli la uji. Anwar hakuweza kumeza hata kijiko. Uji ulinukia iliki. Mwanaasha alichungulia mlangoni, akaona hakuna mtu, akaunywa wote. Hata midomo hajafuta, Anwar alianza kutetemeka mwili mzima. Alikata roho kabla bajaji haijapatikana.

Watu waliona bakuli tupu, na uvumi ukaota miguu. Juzi tu Mama Filomena aligombana na mama yao kwa sababu ya maji machafu.

"Kamlisha mtoto sumu!"

Vijana wakaanza kurusha mawe kwenye bati lake. Fundi wa meno naye alikuja kutoa pole, akaapa kwamba ganzi haijawahi kuua mtu.

"Tumzike Alasiri," alisema baba yao, Jabiri. "Aliyemlisha sumu tunamwachia Mungu."

Mwanaasha alimwona Mama Filomena dirishani, amejikunyata na wajukuu zake. Aibu ilimshika, akamwendea baba yake.

"Baba, ule uji niliunywa mie. Wote. Leo sikufunga. Na mbona mie mzima?"

Dokta Mauwa wa hospitali, aliyekuja na polisi walioitwa kutuliza vurugu, alimwinamia.

"Mdogo wako alidungwa sindano ngapi?"

"Tatu."

"Pole sana, Mzee Jabiri," alisema daktari. "Kabla hamjamwosha, turuhusu tuchukue damu yake hospitali. Maabara itapima ganzi iliyomo. Akizikwa hivi hivi hatutajua kitu, na mama huyu ataitwa muuaji mpaka anaingia kaburini."

Kumchelewesha maiti kulimuuma Jabiri, lakini aliitikia kwa kichwa. Anwar alizikwa kesho yake.

Majibu yalitoka baada ya Idi. Ganzi iliyokutwa kwenye damu ya mtoto ilikuwa nyingi kupita kiasi. Fundi, ambaye hakusomea kazi ile, alikamatwa. Hakuna aliyeshangilia.

Jabiri alimshika binti yake mkono, wakaenda kumwomba radhi Mama Filomena. Njiani alimwambia, "Mwanangu, funga uliyoila utailipa siku nyingine. Lakini kama tungemzika jirani kwa uongo angali hai, hilo tungelilipa kwa kitu gani?"

Kesho yake Mwanaasha alifunga, asimwambie mtu. Magharibi ilipoingia, Mama Filomena alimletea uji katika bakuli lilelile, na Mwanaasha akaunywa huku akilia.