Moyo wa Delphin Ulipotulia

Asubuhi hiyo soko kuu la Bunia lilifurika kana kwamba hakuna vita. Bunduki zilikuwa zimelia upande wa Djugu, lakini kukicha watu lazima wale. Delphin, kijana mrefu aliyekimbia machimbo ya dhahabu ya Kilo na sasa akiuza vipuri vya pikipiki, alisimama mbele ya meza ya vitambaa vya vikwembe akimtafutia mama yake zawadi. Muuzaji akainua macho. Alivaa blauzi ya manjano na kilemba cha rangi ileile, na tabasamu lake lilimsahaulisha mtu kilichomleta.

Moyo wa Delphin ukatoka mbio. Ulipiga mpaka shingoni, akaishika meza.

"Ee papa, weye vipi? Kikwembe inakutisha?"

"Hapana kikwembe," akahema. "Ni weye."

Joëlle, ndilo jina lake, akacheka mpaka majirani wakageuka. Walipeana namba za simu kabla kitambaa hakijakunjwa.

Tangu hapo simu hazikukatika.

"Chéri, umekula?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muongo! Sauti haina fufu na sombe."

Na kila moyo ulipotimua mbio, Delphin alijiambia: haya ndiyo mapenzi. Hadi Jumapili moja ulipomwenda mbio akiwa peke yake akila fufu lake, Joëlle yuko kanisani. Safari hii alianguka.

Joëlle alipotoka ibadani akamkuta sakafuni, akampeleka hospitali. Daktari Françoise alimbandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni.

"Ulale kimya. Haiumi."

Kweli haikuuma, karatasi tu ilitoka imejaa milima midogo. Kisha akafungwa kiunoni kijimashine cha kurekodi mapigo arudi nacho nyumbani, maana moyo hauchagui kukimbia mbele ya daktari. Alipokirudisha, Françoise alieleza taratibu: umeme wa moyo wake ulikuwa na njia ya ziada tangu azaliwe. Njia hiyo inaweza kuchomwa, ila Nairobi tu.

"Kuchomwa!" Delphin akaruka.

Nyumbani akampigia kaka yake, Constant, kwa sauti ya kuvuka barabara. "Kumbe ni ugonjwa! Mi nilizani ni mapenzi, kumbe ni umeme tu!"

Aligeuka akamwona Joëlle mlangoni, chupa ya chai mkononi. Joëlle akaiweka chini, akaondoka. Kuanzia siku hiyo simu yake iliita tu, haikupokelewa.

Wachimbaji wenzake wa zamani wa Kilo, Wakristo kwa Waislamu, wakachangia safari, na kwa kuwa barabara ilikuwa ya hatari, Delphin akapanda ndege akiwa na huzuni zaidi ya woga.

Hospitalini Nairobi walimkataza kula, wakamchoma sindano ya ganzi kinenani, wakapitisha nyaya nyembamba mshipani mpaka moyoni. Alikuwa macho.

"Sasa tutaukimbiza makusudi," daktari akamwambia, "tujue kosa liko wapi."

Moyo ukachachamaa. Delphin alitaka kumwita mama yake. Jina lililomtoka ni Joëlle. Akasikia joto kifuani, kama chai iliyomezwa haraka, kisha moyo ukaanza kutembea polepole.

Akaamriwa alale mguu umenyooka, asiukunje, kidonda cha kinenani kisivuje damu. Akaazima simu ya muuguzi.

"Allô?" Joëlle hakuijua namba.

"Usikate, chérie. Wamemaliza."

Nyuma yake cherehani ya fundi wa sokoni ilikuwa ikilia. "Basi umepona. Na mapenzi, wameichoma pia?"

"Moyo inapiga pole pole kama ya muzee. Nasikia sauti yako, haikimbie. Na bado ni weye nataka. Ile maneno niliambia Constant ilikuwa ya ujinga. Unisamehe."

Fundi akasimamisha cherehani asikilize.

"Weye ni mujinga ya kweli," Joëlle akasema, na sauti ilikuwa na machozi na kicheko. "Unarudi lini?"

"Wakiniachia nikunje mguu."

Kwenye uwanja wa ndege wa Bunia, Joëlle alikuja amevaa kikwembe cha kijani na viatu vya kanisani. Delphin alishuka akichechemea, akasimama mbele yake.

"Docteur amenikataza kupiga goti. Nitasema hivi hivi nimesimama. Joëlle, nataka nikuowe."

Watu wenye mizigo wakawazunguka. Joëlle akamwangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni, akachukua begi lake.

"Jumapili ulete wazee wako kwetu mtaa wa Saio. Na uambie motard wa pikipiki aende pole pole: sitaki baba aone muchumba anashuka na machozi ya kidonda."