Bei ya Vibao vya Mama

Katika mtaa wetu hapakuwa na mtu aliyemjua mbunge wetu kuliko mimi. Nilijua anavaa viatu namba ngapi. Nilijua jina la dereva wake, na hata wimbo anaoupenda huyo dereva. Mheshimiwa akikohoa jukwaani, mimi nilijua kama ni mafua au ni hasira. Mtaani wananiita Redio, na Redio hiyo ilikuwa haizimwi.

Nyumba yetu ina karakana mbele na vyumba viwili nyuma. Karakana ni ya Mama. Mama huchora vibao. Huchora vya maduka, vya shule, na vya “Mbwa Mkali” hata kwenye nyumba ambazo mbwa mwenyewe anaogopa kuku. Asubuhi hulaza bati mezani. Hulisugua kwa msasa na kulipaka rangi ya kwanza. Kisha huvuta uzi wenye chaki na kuuachia. Taa! Mstari umenyooka. Watu humwita Fundi Mstari. Kazi yangu ni kukoroga rangi, kuosha brashi, na kuwaburudisha wateja kwa habari za Mheshimiwa. Hiyo ya tatu hakunipa mtu.

Wakati wa kampeni, Mama alimchorea Mheshimiwa vibao kumi vikubwa. Hakutaka malipo.

“Huyu mama aliipigania hospitali yetu hata kabla hajajulikana,” alisema. “Sina pesa za kumchangia. Nitamchangia mkono wangu.”

Vibao vikasimamishwa kwenye njia panda zote. Mheshimiwa akashinda. Sisi nyumbani tukajiona nusu ya ushindi ni yetu.

Mwaka uliofuata hospitali iliongezewa wodi mpya. Ikatangaza zabuni ya vibao vyake vyote: Maabara, Duka la Dawa, Wodi ya Wazazi, Mlango wa Dharura. Mafundi watatu waliomba. Mama akapata. Siku hiyo alikuwa akiosha vyombo huku anacheka peke yake.

Raha haikudumu. Ng'ambo ya barabara yuko mshona viatu. Ni rafiki yetu, lakini ulimi wake una sindano nyingi kuliko sanduku lake.

“Hongera, Fundi Mstari,” alisema kwa sauti, wateja wakisikia. “Wengine wanaomba kazi kwa barua. Wengine wanaomba kwa vibao kumi vya bure.”

“Unamaanisha nini?” Mama akauliza.

“Mimi? Simaanishi. Nashona tu.”

Kumbe alikuwa ameshona kweli. Maneno yake yalizunguka mtaa mzima. Dukani watu walinyamaza Mama alipoingia. Mteja mmoja alikuja kuchukua kibao chake, akauliza eti naye apitie kwa mbunge ndipo apunguziwe bei. Asubuhi moja tukakuta ukutani kwetu maandishi ya mkaa: KALIPWA FADHILA. Herufi zenyewe zilikuwa zimepinda kama zimekunywa. Mama aliumia mara mbili.

Jioni alikaa kwenye kiti chake, mikono imekaa bure mapajani.

“Kesho naenda hospitali,” alisema. “Nitawaambia wampe kazi mtu mwingine.”

“Mama! Kazi kubwa vile?”

“Nimechora tangu hujazaliwa. Hakuna aliyewahi kusema mkono wangu umenunuliwa. Sitaki waniite hivyo kila wanapoingia hospitali.”

Nikaona nimwokoe mama yangu. “Mbona rahisi? Tukane. Hapakuwa na risiti. Nani atajua?”

“Mwanangu, vibao vimesimama barabarani. Hata vipofu wameambiwa vipo.”

“Basi tuseme alilipa.”

“Hilo la mwisho hebu lirudie,” ilisema sauti mlangoni. “Nataka nilisikie vizuri.”

Alikuwa jirani yetu, amekuja kurudisha ngazi. Sisi humwita Sikio. Anafanya kazi bungeni. Yeye na wenzake husikiliza kila linalosemwa kule ndani na kuliandika, ili liingie katika taarifa rasmi. Kwa hiyo kwake hakuna neno linalopotea. Ukimwambia utamlipa Jumatano, usimlipe Alhamisi.

“Karibu, dada,” Mama alisema. “Umesikia tunavyochafuliwa?”

“Nimesikia. Na nimesikia dawa ya Redio, mbaya kuliko ugonjwa.” Akaegemeza ngazi, akakaa. “Niambie. Ulipotoa vile vibao, uliandikiana na mtu yeyote?”

“Kuandikiana nini? Sikutoa pesa. Nilitoa kazi.”

“Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kwa sheria zetu, mchango wa kampeni si noti peke yake. Ukitoa gari, ukumbi, chakula, au kazi ya mkono wako, huo ni mchango. Mgombea anatakiwa kuukadiria kwa pesa na kuutangaza.”

Mama alishika shavu. “Kumbe nimevunja sheria?”

“Hapana. Kuchangia ni haki yako. Tatizo ni kuficha. Mchango ukiwa wazi, watu wanauona, wanapima wenyewe. Ukifichwa, kila mtu anaujaza kwa mawazo yake. Ndiyo maana ukuta wako una mkaa.”

“Mheshimiwa ametangaza, huyo,” nilidakia. “Ninamjua. Ni mtu safi, halafu ni mchapakazi.”

Sikio akanigeukia. “Unamjua sana?”

“Kama mfuko wangu.”

“Mswada wa maji, mwaka huu. Alipiga kura gani?”

“Ndiyo! Tena kwa mikono miwili!”

“Hakuwepo bungeni siku hiyo.”

Mama akanitazama. Nikaanza kukoroga rangi ambayo ilikuwa tayari imekorogwa.

“Na mali zake je?” Sikio hakuniachia. “Ana biashara gani? Ana deni wapi?”

“Ana... ana viatu,” nikasema.

Wakacheka mpaka Mama akafuta macho. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu maneno yaanze. Nikajisamehe.

“Msiniamini mimi,” Sikio alisema. “Mimi kazi yangu ni kuandika. Kumpenda mbunge au kumchukia ni shauri lenu. Lakini kumbukumbu zake ziko wazi, na kuzisoma ni haki ya kila mtu. Twendeni mkasome.”

Ofisi ya kumbukumbu ilikuwa chumba kirefu chenye meza, kompyuta mbili na feni iliyokuwa ikilalamika. Afisa wa pale alikuwa kijana mpole mwenye miwani.

“Tunaomba kuona habari za mbunge wetu,” Mama alisema, akashusha sauti. “Kama si siri.”

“Si siri, mama. Na huhitaji kunieleza sababu.” Akatuwekea viti. “Kuna sehemu tatu. Hapa mnaona alichosema bungeni na kura alizopiga. Hapa ni fedha za kampeni, nani alimchangia na zilitumikaje. Na hapa ni tamko la mali, biashara na madeni yake. Huko kwingine wanaweza kuwa na utaratibu tofauti, lakini hapa kwetu ni hivi.”

Tukaanza na bunge. Mheshimiwa alikuwa amesimama mara nyingi kuitetea hospitali. Mama alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na kila alipokuta neno “wodi” aliketi wima zaidi. Kisha tukafika kwenye mswada wa maji. Hakuwepo. Kweli tupu. Mama akagonga meza kwa kidole. “Hili nitamwuliza,” alisema.

Kwenye tamko la mali tukakuta kwamba Mheshimiwa na kaka yake wana duka la vifaa vya ujenzi.

“Lipi?” Mama aliinama. “Hili? Si ndipo ninaponunua rangi!”

“Je, rangi ya hospitali ungenunua hapo?” Sikio aliuliza.

“Ningenunua wapi kwingine? Liko karibu.”

“Unaona sasa kwa nini wanatakiwa kutangaza?”

Mama aliona. Hata mimi niliona, na mimi huwa nachelewa.

Ndipo afisa akafungua orodha ya wachangiaji. Mama akanishika mkono. Kama vibao havimo, mshona viatu alikuwa na haki ya kuuliza. Tukashuka mstari kwa mstari. Halafu nikaona jina la Mama, limeandikwa lote, pamoja na la babu.

“Mama, upo!”

“Nipo?” Uso ulimng'aa. “Wameandikaje?”

Afisa akasoma. “Vibao kumi vya kienyeji.” Kisha akasoma thamani.

Pesa ile isingenunua hata makopo mawili ya rangi nyeupe.

“Rudia,” Mama alisema.

Afisa alirudia.

“Vibao kumi?” Mama alisimama. “Bati geji nene, rangi mara tatu, herufi zinasomeka kutoka ng'ambo ya uwanja! Bei hiyo ni ya kibao cha ‘Usikojoe Hapa'!”

“Mama, polepole,” nilimnong'oneza. “Bei ndogo inatufaa. Watu wataona ulitoa kitu kidogo.”

“Sikutoa kitu kidogo!” Akamgeukia afisa. “Mwanangu, hii inasahihishwaje?”

Yule kijana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Kusema kweli, mama, huwa wanakuja wanaotaka yao ipunguzwe. Wewe ni wa kwanza kutaka iongezwe.”

Alimweleza. Mama aliandika maelezo ya kazi: bati kiasi gani, rangi kiasi gani, na bei anayomtoza mteja yeyote kwa kibao kama kile. Mtunza fedha wa kampeni alitakiwa kujibu au kusahihisha. Alichagua kwanza kupiga simu.

“Fundi, unajitakia nini?” alisema, na Mama akaiweka simu kwa sauti kubwa. “Hiyo bei ndogo inakulinda wewe na sisi.”

“Inanilinda na nini? Mimi sijaiba. Niliwapa kazi nzuri kwa moyo wangu. Andikeni niliyowapa.”

“Watu watasema ulitoa kikubwa ili upate kazi.”

“Wanasema tayari. Sasa waseme wakiwa na hesabu sahihi.”

Walisahihisha. Mheshimiwa mwenyewe alitia saini. Kuhusu maji, alimjibu Mama kwa barua kwamba siku ile alikuwa safarini. Mama aliisoma, akaikunja. “Safari ya nani, na kwa faida gani?” alisema. Akaandika barua nyingine. Hakuacha kumheshimu Mheshimiwa, lakini hakumchukulia tena kama jamaa yetu.

Yalibaki ya hospitali. Hapo ndipo palipotisha, kwa sababu wangeweza kumnyang'anya kazi. Mama alienda kwa kamati ya zabuni. Sikio na mimi tulimsindikiza.

“Nilimchangia mbunge,” aliwaambia. “Thamani yake ni hii, imeandikwa. Pia nilikuwa nanunua rangi kwenye duka lake. Rangi ya hospitali nitanunua kwingine. Sikuwaambia mapema kwa sababu sikujua. Amueni.”

Wajumbe walitazamana. Mwenyekiti, daktari mwenye sauti nzito, alisema mbunge hakuwa na kura katika kamati yao. “Lakini watu wana mashaka,” alisema. “Tutapima upya, na safari hii hadharani.”

Wakawapa mafundi wote watatu bati sawa na maneno yale yale: MLANGO WA DHARURA. Hakuna jina, hakuna alama. Vibao vikatundikwa mwisho wa korido ndefu, vikiitwa cha kwanza, cha pili na cha tatu. Wagonjwa na wauguzi waliokuwa kwenye foleni waliombwa waseme kipi wanakisoma vizuri. Mtaa mzima ulikuja kuangalia. Mshona viatu alikuja mapema kuliko wote, akakaa mbele.

Bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi aliulizwa.

“Cha kwanza naona kina ukungu,” alisema. “Cha tatu kinataka nikisogelee. Hicho cha kati, mjukuu wangu, kinaniita chenyewe.”

Wengi walisema hivyo hivyo. Mwenyekiti akageuza kibao cha pili. Nyuma palikuwa na karatasi iliyobandikwa. Jina la Mama.

Sikuwa nimewahi kuona watu wakilipigia bati makofi. Mama hakucheka wala hakulia. Alitembea korido yote mpaka mwisho, akakitazama kibao chake, akakinyoosha kidogo kwa kidole. Nilitamani kumwambia kila mtu, “Yule ni wangu.” Nikawaambia, bila shaka.

Mshona viatu alikuja na kofia mkononi.

“Fundi, nilisema vibaya.”

“Uliuliza vizuri, ukasema vibaya,” Mama akamjibu. “Siku nyingine uliza tu. Ukitaka kujua, ofisi iko wazi hata kwako.” Na kweli alikwenda ofisini. Siku hizi, ukimpelekea kiatu, anakueleza kura za mbunge mpaka soli inakauka.

Vibao vya hospitali viko juu sasa, vyote. Siku Mama alipokuwa akimalizia cha mwisho, nilikuwa nimeshikilia ngazi. Wauguzi wawili wapya walisimama kusifu kazi. Wakauliza yale maneno ya mtaani yalikwishaje. Swali zuri, na mtu wa kulijibu alikuwa hapo hapo.

“Haikuwa rahisi,” niliwaambia, mkono mmoja kiunoni. “Mama alikuwa amekata tamaa. Mimi ndiye niliyemwambia, ‘Mama, nenda katangaze kila kitu, hata kama kazi itapotea.' Hata ile bei ndogo niliikataa mimi. Nilisema, ‘Ukweli ni ukweli.'”

“Wewe! Kijana mdogo hivyo!” muuguzi mmoja alisema.

“Ndiyo malezi,” nikajibu, nikatazama chini kwa unyenyekevu.

Kwenye benchi la kusubiri daktari, gazeti lilishuka. Nyuma yake alikuwa Sikio.

“Kwa kumbukumbu,” alisema, akakaa wima kama anayesoma taarifa rasmi. “Redio, jioni ile, karakanani: ‘Tukane. Hapakuwa na risiti. Nani atajua?' Redio tena: ‘Basi tuseme alilipa.' Redio, ofisini: ‘Bei ndogo inatufaa.'”

Foleni yote iligeuka. Mtoto aliyekuwa akilia aliacha kulia ili asikie. Nilimtazama Mama kule juu ya ngazi, nikimwomba kwa macho.

Mama hakugeuka. Brashi yake ilikuwa kwenye herufi ya mwisho, na mkono haukutikisika.

“Usinitazame mimi,” alisema. “Sahihisha.”