Kamba wa Marehemu

"Usimwage! Ukiwamwaga hivyo tumewaua."

Fundi wa friji alisimama sebuleni kwake na ndoo mikononi, amebakiza kidogo aiinamishe juu ya tangi jipya la kioo. Ndani ya ndoo kamba wawili wa baharini, wekundu wenye mstari mweupe mgongoni, walijibanza pembeni, sharubu zao ndefu zikipapasa.

"Si huku maji ya chumvi na kule maji ya chumvi?"

"Chumvi hazilingani. Lazima wazoeshwe tone kwa tone. Weka chini, mpenzi."

Alitii. Mchumba wake, mshonaji wa sare za shule, alitumbukiza mpira mwembamba kwenye tangi, akavuta kwa mdomo mpaka maji yakaja, akaupiga fundo ili yadondokee ndani ya ndoo polepole.

"Mpaka lini?"

"Mpaka ndoo ijae. Kaa."

Simu ya mshonaji ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa wifi yake, dada wa marehemu mumewe:

"Nimepita kwako nimekuta watu wa lori wanahamisha vyombo. Nakuja huko kwa fundi wako kuchukua kamba wa kaka yangu. Wewe olewa, kamba hawaolewi."

Mshonaji alishusha pumzi. Kudaiwa kamba hakukumuuma. Kilichomuuma ni huyu wifi, aliyelala naye chumba kimoja msiba wote, wakishikana mikono kama watoto. Tangu asikie habari za uchumba alikuwa hapokei simu, na harusi alishasema hakanyagi.

Haikupita muda, wifi akaingia bila hodi, ndoo ya maji mkononi.

"Maji gani hayo, wifi?"

"Ya bomba. Masafi kabisa."

"Watakufa kabla hujafika getini."

"Eti! Nikileta mimi, yanaua!" Akamgeukia mwanamume. "Na wewe fundi, huoni haya? Mtu mzima unalea kamba wa mume mwenzio?"

"Nimewaundia na mashine ya kupoza maji, kwa mota ya friji," fundi alijibu taratibu. "Karibu kiti."

"Sikuja kukaa."

"Basi utangoja umesimama. Sasa hivi hawahamishwi, hata na wewe."

Wifi alisimama, akachoka, akakaa. Wote watatu wakabaki wanaitazama ndoo ya kamba.

"Kaka alikuwa anawaita wanawe," wifi alisema, sauti imelegea. "Nilikuwa nikija nakuta mkono umo majini, wanamchokoa kucha, yeye anacheka peke yake. Hawa walimgusa. Ukiondoka nao, sisi tumebaki na nini?"

Mshonaji alisogeza kiti.

"Wifi, nisikilize. Si hawa."

"Si hawa nini?"

"Kamba haishi muda mrefu hivyo. Miaka miwili, ikizidi mitatu. Wa kaka yako walikufa zamani. Nikanunua wengine, nao wakafa. Hawa ni jozi ya tatu."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unakuja kila Jumapili kuwaangalia. Niliogopa ukijua, hutakuja tena."

Fundi akajikuna kichwa.

"Kumbe! Na mimi kila nikienda kwako nawapa shikamoo."

Mshonaji alicheka kwanza. Wifi akajaribu kununa, kicheko kikamponyoka, kisha kikageuka kilio, na kilio chenyewe kikawa na kicheko ndani.

"Kwa hiyo nimebeba ndoo mji mzima kudai kamba wa dukani."

"Wa dukani, wifi."

"Mjinga wewe. Kamba mimi nawajulia wapi? Nilikuwa nakuja kukuona wewe. Nilihitaji sababu tu." Alifuta macho kwa kiganja. "Sasa ukishaolewa, hapa nitakuja kama nani? Nigonge mlango niseme mimi ni nani wa nani?"

"Sema wewe ni dada yangu."

"Na mwenye nyumba akikataa?"

"Mwenye nyumba hajakataa kitu," fundi alisema. "Mlango wenyewe hukuugonga."

Wifi alimtazama kwa muda, tangu viatu mpaka kichwani, kama anayekagua kitambaa kabla ya kununua. Akaisukuma ndoo yake ya maji ya bomba chini ya kiti, akaegemea.

"Haya, shemeji. Nimekaa muda wote huu hata maji ya kunywa sijapewa. Ndivyo tutakavyoishi?"

Fundi aliruka kwenda jikoni, akajigonga goti mlangoni. Mshonaji akainamia kamba, akijifanya anakaza fundo la mpira, huku mkono wa wifi yake umetulia mgongoni kwake.