Nilimdanganya Kaka Deo Kuhusu Silinda Namba Moja

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na kama tunasoma shule moja hapa Sumbawanga mnanijua bila jina. Mimi ndiye niliyemvalisha mbuzi wa shule tai ya mwalimu wa zamu. Nilichapwa sita, nikazicheka zote. Lakini haya ninayowaandikia leo, wasomaji wenzangu, sijapata kuyacheka...

Baba alipofariki, kaka yangu Deo ndiye aliyenilea. Kaka ni fundi magari. Si fundi wa kugonga nyundo na kumwachia Mungu, fundi hasa! Mwaka juzi alipewa mzoga wa gari dogo jekundu lililokuwa likikimbia mashindano mpaka lilipotumbukia korongoni njia ya Matai. Mwenyewe alilisusa. Kaka akalivuta hadi nyumbani kwa ng'ombe wanne, na kwa mwaka mzima na nusu akaiunda injini upya. Vipuri havipo, mnajua wenyewe. Hata sabuni tunaipangia foleni, sembuse pistoni!

Kisha ikaja bahati. Mzee Mwakyoma wa Mbeya, mwenye magari mawili ya mashindano, alituma salamu kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi angepita kwetu. Gari la Deo likimfikisha mpakani Kasesya na kumrudisha kwa mwendo wa mashindano, atamchukua kaka awe fundi wake mkuu. Kaka alikula akitabasamu, akaoga akitabasamu.

Injini iliponguruma mara ya kwanza, kuku wa mtaa mzima walihama. Lakini baada ya dakika kumi ikaanza kugonga kwa ndani na kuishiwa nguvu. Kaka akasema silinda moja inachemka kupita wenzake. Nikasema, basi tatu ziko kwenye Ujamaa, moja imekuwa bepari! Majirani walicheka. Kaka hakucheka. Ipi, sasa? Kipimo cha joto hana. Plagi nazo alizichuma kwenye magari manne tofauti, kila moja imekwisha kuungua rangi yake tangu zamani, hazikuweza kutoa ushahidi.

Ndipo akabuni kipimo chake. Mama akasonga ugali wa ulezi, kaka akafinyanga vidonge vinne vya kulingana kwa kupimia kizibo cha soda, akabandika kimoja kimoja kwenye mabomba manne ya moshi, pale yanapotokea kwenye injini. Kitakachoungua kwanza ndicho kitakachomtaja mwizi. Yeye akakaa kwenye usukani kukanyaga mafuta, boneti imemziba, haoni kitu. Macho yake yalikuwa mimi.

Kidonge cha namba moja kikaanza kufuka moshi, vingine bado vibichi. Nilikiona wazi kabisa! Lakini wavulana wa jirani walikuwa wamejazana uani, nami nilikuwa natangaza kama mtangazaji wa mpira redioni... Shetani gani aliniingia? Kwa kijiko nikabadilisha: kilichoungua nikakihamishia namba tatu, cha tatu nikakirudisha namba moja. "Goooo! Namba tatu!" Wavulana walijiangusha chini kwa kicheko.

Nilitaka kaka akune kichwa kidogo tu, halafu nimwambie. Naapa! Ila alipokuja akakiona kile cheusi, alinishika bega mbele ya wote akasema, "Mnamwona huyu? Watu wanamwita mpumbavu. Huyu ndiye jicho langu."

Ningesema nini tena baada ya hapo?

Akafungua injini. Namba tatu ilikuwa safi kama kikombe cha misa. Gasketi ya kuzibia kichwa cha injini, ambayo ukiifungua hairudi kuwa nzima, ilikuwa hiyo hiyo moja, iliyotoka Zambia. Akaipaka rangi ya fedha ili izibe, akaikaza tena huku anasali. Tukapima upya. Safari hii sikuthubutu mzaha, nikasema kweli: namba moja.

Na hapo ndipo nilipoharibu zaidi! Kaka akaamini joto linahama. Akazibua njia za maji, akasafisha rejeta, akahamisha plagi huku na huku. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu... Kila akipima, namba moja. Kila siku ananiuliza, "Lakini mwanzo ilikuwa tatu, au siyo?" Nami naitikia, "Ilikuwa tatu, kaka." Hasira zilinijaa, sijui za nani. Za injini? Za ugali? Mara kumi nilifungua mdomo niseme, mara kumi ukatoka mzaha.

Akaja Sikazwe, fundi mwenzake, rafiki yake tangu shule ya msingi. Akasikiliza, akasema, "Deo, tazama pale kabureta inapokamatana na injini, upande wa namba moja. Ikivuta hewa pale, petroli inapungua, silinda inaungua." Kaka akamjibu kwamba tundu la hewa halina miguu ya kutoka tatu kwenda moja. Mama naye akanong'ona kuwa kinachohama kina mkono wa mtu, na huyu Sikazwe mbona anajua sana? Mnajua mji wetu unavyosifiwa kwa uchawi. Kaka, aliyekwisha kukosa hata hamu ya kula, akamwambia rafiki yake asikanyage tena ua wetu.

"Yaani mimi, Deo?"

"Wewe."

Sikazwe aliondoka bila kuaga. 

Jumamosi, siku ya sita, Mzee Mwakyoma akafika. Kaka akaliwasha hivyo hivyo, tukavuka Matai injini ikigonga kwa mbali tu, mimi nimekaa nyuma nikiomba rozari ambayo sijaisali tangu kipaimara. Kwenye mlima, kwaa! Moshi wa buluu, kisha kimya. Mzee alishuka, akavaa kofia yake, akasema kwa upole kabisa, "Kijana, fundi asiyejua injini yake inaumwa wapi, siwezi kumchukua." Akadandia lori la mahindi, akaenda zake.

Pistoni namba moja ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Na pale kwenye maungio ya kabureta, ile karatasi ngumu ya kuzibia ilikuwa imechanika. Hewa tu! Kama alivyosema Sikazwe.

Nilimweleza kaka yote nikilia. Nilingoja kipigo, ningekishukuru. Aliniuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo mara ya pili ulisema kweli?"

"Ndiyo, kaka."

"Basi kweli yako ndiyo iliyoniangusha. Ilinikuta nimekwisha kuuamini uongo wako."

Akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akaenda kumwomba Sikazwe radhi. Walipeana mikono mlangoni. Hakukaribishwa ndani.

Sasa kaka anatunza mashine ya kusaga ya kijiji cha Ujamaa kule Milepa. Akija nyumbani, nikimwambia chai imechemka, anainuka kwenda kutazama mwenyewe. Hanigombezi. Anatazama, kisha anarudi kukaa.

Wenzangu wenye ndimi za mzaha, sisemi muache mzaha, dunia nzima itakuwa gwaride la asubuhi! Lakini mtu akikufanya macho yake, nakusihi, usimchezee. Na kama umekwisha kumchezea, sema papo hapo, hata akiwa anakusifu mbele za watu. Hasa akiwa anakusifu! Usijiambie utasema kesho... Mimi nilichelewa siku sita tu.