Madebe Meupe ya Madaha

Ilikuwa Jumamosi, tarehe nane Machi, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Manyunyu yalikuwa yamekatika punde tu, upepo umetulia, na anga lilikuwa la kijivu kama bati kuukuu. Katika ua wa nyuma wa nyumba ya fundi seremala, binti yake wa miaka kumi na miwili alikuwa ameinama juu ya madebe sita yaliyopakwa rangi nyeupe, akiumwagilia mchicha. Alifanya hivyo kila siku kabla ya chai. Hilo ni lazima tulikiri, maana mvivu hakuwa. Ubaya wake ulikuwa mwingine.

Mtaani walimwita Madaha, na jina hilo alilipata kwa haki. Hakutembea, alijipitisha, hakuzungumza, alitangaza. Alipomaliza kumwagilia aliegemea ukuta mfupi uliotenganisha ua wao na ua wa jirani, akatazama upande wa pili kwa jicho la mtu anayekagua jalala.

Upande huo alikuwapo mjukuu wa bibi mshonaji, mwanafunzi mwenzake wa darasa la sita, aliyeitwa Kobe kwa sababu hakuna jambo alilolifanya kwa haraka. Kobe alikuwa akigeuza majani ya spinachi moja moja, akitafuta viwavi. Spinachi yenyewe ilimea katika magunia yaliyotoboka, beseni lililopasuka, na suruali kuukuu iliyofungwa miguu na kujazwa udongo.

"Kobe! Hiyo suruali itaanza kutembea lini?"

"Ikishiba maji."

"Mwalimu akija jioni atadhani mmeanika nguo chafu. Ningekuwa wewe, ningejifanya mgonjwa."

"Nami ningekuwa wewe, ningekula mchicha wangu," Kobe alijibu bila kuinua kichwa. "Umestawi siku zote hizi, na jikoni kwenu sijasikia hata harufu ya kitunguu."

Madaha akasonya, akamgeuzia kisogo.

Wiki tano kabla ya siku hiyo, mwalimu wa sayansi alikuwa amewaagiza wanafunzi wote wapande mboga za majani nyumbani, kila mmoja katika chombo chochote alichonacho. Yeye angepita nyumba kwa nyumba, na mwenye kazi bora angekuwa kiranja wa bustani ya shule, mwenye kukabidhiwa ufunguo wake. Aliongeza sharti moja ambalo shule ile ililifuata tangu zamani: mavuno ya kwanza si ya mkulima. Yapelekwe kwa jirani, yapikwe, yaliwe, na jirani ndiye awe shahidi.

Madaha aliutaka ufunguo ule kuliko alivyotaka kula. Tena hakutaka kushinda kwa magunia. Alitaka vyombo vinavyofanana, vilivyopangwa mstari mmoja, vya kumfanya mpita njia asimame. Alivipata nyuma ya karakana ya baba yake. Seremala yule alitumia dawa kali ya kuulia mchwa, akiipaka kwenye mbao kabla ya kuziunga. Debe la dawa lilipokwisha, alilitoboa kitako kwa patasi, matundu matatu, ili asije mtu akalichotea maji, kisha akaliweka kando mpaka muuzaji wa dawa alichukue. Watoto wake aliwaonya mpaka wakayakariri maneno yake: debe lile lisiguswe.

Alichokikusudia baba kiwe kinga, binti alikiona kuwa bahati. Matundu ya kutolea maji yalikuwa tayari! Akabandua karatasi yenye picha ya fuvu la kichwa, akasuuza mara mbili, akapaka rangi. Mama alipouliza, alijibiwa kwamba ni madebe ya mafuta ya kupikia, zawadi ya rafiki. Mama akaridhika. Ndivyo ilivyo: mwongo hula kwanza imani ya wale wanaompenda, kwa kuwa ya wengine haipati.

Watetezi wake watasema hakujua hakika ya hatari. Nami nitawajibu kwa jambo moja. Mchicha ule ulikuwa tayari kwa siku kumi nzima, na yeye hakuonja hata jani. Alijua vya kutosha kuulinda mdomo wake mwenyewe.

Saa mbili asubuhi alichuma fungu kubwa, akalifunga kwa uzi, akalipeleka kwa bibi mshonaji. Bibi alikuwa amekaa kwenye cherehani, pini tatu zikiwa katikati ya midomo yake.

"Lo, mjukuu wangu! Mchicha huu au mti?" alisema baada ya kuzitoa. "Nitaupika mchana, tule na mwenzako. Nyumbani mmekula?"

"Mavuno ya kwanza si ya mkulima, bibi."

"Umefundishwa ukafundishika," bibi akasema, na Madaha akaipokea sifa hiyo kama mtu anayepokea haki yake.

Ilipofika saa tano na nusu, seremala alirudi nyumbani, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi. Alipita uani, akasimama kuyatazama madebe, akatabasamu. Kisha akaliinamisha debe la mwisho ili alisogeze mbali na maji ya paa. Tabasamu likakauka.

"Haya madebe umeyatoa wapi?"

"Kwa rafiki yangu, baba. Ni ya mafuta."

"Ya mafuta." Alipitisha kidole kwenye tundu moja. "Na huyo rafiki yako ana patasi yenye pengo, kama yangu?"

Madaha akainama kuokota jani lililoanguka.

"Haya, yawe ya mafuta. Chukua kisu, kata fungu moja, mama yako apike sasa hivi. Tutakula sote, na wewe ndiye utakayeanza."

"Baba, mimi nimeshiba."

"Sikukuuliza habari za tumbo lako. Kata."

Alishika kisu, lakini mkono haukwenda. Jikoni mama yake alisikika akipanga sahani. Hapo ndipo wazo ambalo lilipaswa kumjia wiki tano nyuma lilipomfikia: kulikuwa na sahani nyingine, nyumba ya pili, zilizokwisha pangwa.

"Baba! Nimeshampelekea bibi!"

Akakitupa kisu, akakimbia. Kwa mara ya kwanza mtaa ule ulimwona akikimbia bila madaha yoyote, kiatu kimoja mguuni na kingine njiani.

Chumbani kwa mshonaji wateja wawili walikuwa wameketi kungoja nguo zao. Sufuria ya mchicha ilikuwa mezani kando ya sinia la wali, na bibi alikuwa ameshika mwiko, anataka kupakua. Kobe alikuwa bado ananawa, kidole kimoja kimoja.

"Bibi, msile!"

"Kuna nini? Unatweta kama umefukuzwa na nyuki."

Tazama basi jinsi uongo unavyong'ang'ania. Hata hapo, hata mbele ya sufuria ile, Madaha alitafuta njia ya kutokea bila aibu.

"Mboga... imeharibika."

"Imeharibika vipi, na imechumwa leo?" mteja mmoja akauliza.

Hakukuwa na jibu lingine. Mtu wa kuungama jambo lile asingeweza tena kuwa kiranja wa bustani, naye alilijua hilo. Akatazama mwiko, akamtazama Kobe, akasema.

"Madebe yalikuwa ya dawa ya mchwa. Nilibandua ile picha. Nilijua, bibi."

Bibi akaifunika sufuria taratibu.

"Wewe ulionja?"

"Hapana, bibi."

"Ahaa." Alimpima kwa macho toka juu hadi chini, kama kitambaa kibovu. "Miaka arobaini nashona nguo za watu. Nimeletewa vitambaa vilivyooza, vilivyoliwa na panya, vya kila aina. Lakini hajawahi kuja mtu na kitambaa anachoogopa kukishika yeye mwenyewe, akaniambia nikivae mimi."

Madaha akaanza kulia.

"Machozi yako hayapikiki," bibi akasema. "Una deni langu, mlo mmoja wa mboga. Siutaki wa sokoni, wala wa kununuliwa na baba yako. Upande, uukuze, uulete. Sasa ipeleke sufuria hii kwa baba yako, na usiimwage njiani, wasije kuku wa watu wakala."

Saa kumi jioni mwalimu alifika na wanafunzi kadhaa. Seremala alikataa kumsemea mwanawe. Mdomo uliodanganya, alisema, ndio huohuo utakaosahihisha. Madaha akaeleza yote, macho yakiwa chini. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kisha akayatazama madebe.

"Yanapendeza," alisema. "Hata jeneza hupigwa vanishi."

Ufunguo ulikwenda kwa Kobe, ambaye spinachi yake ilikuwa imetobolewa na viwavi pembeni. Mmoja wa wanafunzi alipoicheka, mwalimu alimkata kauli: afadhali jani alilolionja kiwavi kuliko jani aliloliogopa mkulima wake.

Jioni ile baba na binti walitia udongo na mchicha ndani ya mifuko migumu, wakaifunga, ili vyote virudishwe pamoja na madebe kwa muuzaji wa dawa, anayejua pa kuviteketeza. Mwishowe seremala akapangusa mikono.

"Sikiliza, mwanangu. Kuiba madebe ni kosa, na uongo ni kosa. Lakini hayo watu huyafanya wakasamehewa. Umempa jirani kitu usichoweza kukitia kinywani mwako. Huko si kutoa, huko ni kutupa, na aliyetupiwa ni binadamu. Ukitaka kujua kama kazi yako ni halali, usiulize inapendeza vipi. Jiulize kama unaweza kuila mbele ya uliyemletea."

Jumatatu Madaha alimwendea Kobe kuomba mbegu. Kobe alimpa, pamoja na gunia lenye viraka viwili, na hakumcheka. Alimwonyesha tu jinsi ya kuchanganya udongo na samadi, na namna ya kuwaondoa viwavi kwa mkono. Gunia lilikuwa baya kwelikweli. Madaha alilimwagilia kila asubuhi kabla ya chai.

Baada ya wiki saba, siku ya Jumamosi, aliingia kwa bibi mshonaji na sufuria ya mboga ya moto aliyoipika mwenyewe. Bibi hakuinuka. Alisogeza sahani mbili mezani.

"Anza wewe."

Madaha akatwaa kijiko, akala, akameza, akala tena. Bibi alimtazama bila kupepesa mpaka kijiko cha tatu. Ndipo akavuta sahani yake, akala, akaimaliza yote.

"Chumvi imezidi," alisema, akafuta midomo. "Deni limekwisha. Vyombo hivyo vioshe."