Nukta Iliyokaa Kando ya Mto

Duka la kuchapisha lilijaa watu mpaka mlangoni, mashine zinaunguruma, wino unanukia. Mpima maji, binti wa gauni la kijani na mfuko wa chupa begani, alisukumwa akakanyaga ramani kubwa ya mtu iliyotandazwa sakafuni.

"Dada, umesimama juu ya mto."

"Basi niokoe, nisizame!"

Kijana akacheka. Shati jeupe limepigwa pasi vizuri, ila kola imekunjika upande mmoja, na binti akatamani kuinyoosha. Kumbe ofisi yao moja. Binti ndiyo kwanza ameajiriwa. Yeye huchota maji mtoni na kuyapima. Kijana, Bwana Ramani, huchora kwa kompyuta ardhi yote inayomwaga maji yake pale alipochota mwenzake, aseme panalimwa kiasi gani na pamejengwa kiasi gani. Mmoja ajua maji yana nini, mwingine ajua yametoka wapi. Wasipendane kwa nini?

Wakapendana. Simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje na hujanisalimia vizuri?"

Hadi siku ya kikao. Binti alisema maji ya kituo cha chini, mahali anapochota mtoni, ni machafu, yana mafuta na mbolea. Mkuu wao akatandaza mezani ramani ya kijana ya kituo hicho. Kijani kitupu, nyasi na miti!

"Mafuta yametoka kwenye majani? Chupa zako ulizisuuza kweli? Ukirudia, mkataba wako siuongezi."

Binti akamtazama Bwana Ramani. Kijana aliinamia ramani yake, kimya. Maskini, alikuwa ameona kitu, lakini binti aliona ametupwa.

Simu hakupokea tena. Jioni ikalia mpaka shangazi yake akaichukua.

"Hayupo, mwanangu. Amekaa hapa, kaniambia niseme hayupo."

"Basi shangazi, kitendawili."

"Tega!" Shangazi kwa vitendawili hajiwezi.

"Nimekosea unywele mmoja, nikapoteza nchi nzima."

Shangazi akakuna kichwa. "Sindano? Mshale? Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji sitaki. Nipe huyo aliyekaa hapo."

Shangazi akambandika binti simu sikioni.

"Mpenzi, ni nukta. Kituo chako nilikiweka kando kidogo ya mto, badala ya mtoni penyewe. Kompyuta ikanichorea kilima kimoja kidogo tu, kinachomwaga maji hapo. Nimeisogeza sasa hivi, na nchi yote ya juu imekuja: mashamba, gereji, sehemu za kuoshea magari. Maji yako yamesema kweli."

"Mbona ulinyamaza?"

"Sikuwa na hakika. Nisamehe."

"Niliaibishwa mbele za watu. Kaseme mbele ya walewale."

Asubuhi kijana akasimama mbele ya walewale, akasema yote. Mkuu akamgeukia binti: "Samahani, mwanangu. Kazi yako ipo."

Binti akamfuata kijana nje, kwenye ngazi.

"Ungeweza kuisogeza nukta kimyakimya. Nani angejua?"

"Nawe ungebaki unaitwa mzembe."

Binti akamnyoosha kola, polepole. "Asante. Sasa walete wazee wako nyumbani."

"Wazee? Wa nini?"

"Wa kuja kuniposa! Au na hilo mpaka ulichoree ramani?"

Kijana alikaa palepale kwenye ngazi akisema asante, asante, mpaka wapita njia wakauliza kama ni mgonjwa.