Mkuyu wa Chunguni

Jioni ile Elina alitumwa kazi ndogo tu: apitie Msasani, hii ya huku Rungwe, nyumbani kwa mama mkwe wake, akakate majani ya mti. Bibi Anyitike alikuwa amelazwa hospitali siku ya tatu, na badala ya kuulizia ng'ombe wake, aliulizia mti.

"Mti ukitoa jani la kumi, ukate," alinong'ona. "Usiupande chini. Umesikia, mama Tulia?"

"Nimesikia, mama," Elina akajibu, huku amebinua mdomo.

Na huo mti wenyewe, ungeuona ungecheka. Mkuyu! Mti wa kufunika uwanja mzima, umekaa kwenye chungu cha udongo kutoka Matema, haufiki hata kimo cha chupa ya soda. Miaka arobaini mtu mzima anaukata kwa mkasi wa kucha na kuupunguza mizizi. Tena Rungwe, ambako mvua haina adabu na fimbo ukiisahau imechomekwa nje inachipua. Elina, mwenye saluni yake mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo mjini, aliona huo ni ushamba uliokubuhu. Tusimtetee. Alikuwa na dharau hata kwa asichokijua.

"Kama ni mti, uwe mti," alisema.

Akaung'oa chunguni, akauchimbia shimo migombani nyuma ya nyumba, akaushindilia kwa kisigino. Akarudi kwake anapiga mluzi.

Kesho yake mti ulimfika kiunoni.

Samadi, akajiambia. Jirani, mzee Andongwisye, akaja akilalamika kwamba ng'ombe wake ameamka mkavu, hana hata tone, kama aliyekamuliwa usiku. Elina akamcheka mbele ya watu. Akamwambia anunue pumba aache uvivu.

Siku ya tatu tangu aupande, alimwacha Tulia, bintiye wa miaka mitatu, kwa mke wa jirani huyo, akaenda hospitali. Bibi akamshika mkono. Vidole vilikuwa vya baridi.

"Umeukata?"

"Nimeukata, mama."

"Mbona nimeshiba?" Bibi akanong'ona. "Tangu juzi sijala... Mbona nimeshiba?"

Elina akauchomoa mkono wake.

"Nimezaliwa na kitu tumboni, mwanangu. Sikukiomba. Marehemu mama alinifundisha kukifanya kiwe kidogo kwa kuukata ule mti, basi. Kikikua kinaanza na maziwa ya ng'ombe. Halafu kinataka watoto."

Hapo dharau ilimtoka Elina kwa mara ya kwanza maishani. Alitoka mbio, viatu mkononi.

Jua lilikuwa linazama alipofika Msasani. Mkuyu ulikuwa umepita paa. Uwanja mzima ulinuka maziwa mabichi. Mke wa jirani alikuwa amesinzia barazani kwake, na Tulia hakuwepo.

Alimkuta migombani, amelala shinani, mdomo wazi, midomo myeupe. Na pale chini, ndani ya udongo... sauti.

Kitu kilikuwa kinameza.

Elina akachukua panga. Alikata huku analia, alikata huku anaomba, na utomvu mweupe ukamrukia usoni, ukamwingia mdomoni. Mti ukaanguka. Sauti ikakoma. Tulia akakohoa, akafumbua macho.

Simu ikaita. Alikuwa Meshaki, mumewe, kutoka hospitali.

"Mama ametutoka," alisema. "Sasa hivi tu..."

Elina akakaa chini na mtoto kifuani. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Alijishika tumbo taratibu.

Alikuwa ameshiba.

Siku hizi kuna mkuyu mdogo kwenye rafu ya saluni yake, kwenye chungu kile kile. Ni chipukizi la kile kisiki. Wateja wanamcheka: mama mzima anahesabu majani ya mti. Yeye anaendelea kuhesabu. Kila Jumamosi anakata na kupunguza mizizi, na ng'ombe wa Msasani wanakamuliwa vizuri.

Jumamosi iliyopita Tulia, ambaye sasa yuko darasa la pili, alisukuma sahani ya ndizi bila kuigusa.

"Kula, mwanangu. Hukunywa hata chai asubuhi."

"Sitaki, mama," akasema. "Nimeshiba."

Elina akageuka kuutazama mti. Akahesabu majani, akarudia. Yalikuwa manne tu; mti huu haukuwa umekula kitu.

Jumatatu asubuhi alionekana sokoni, ananunua chungu cha pili.